Serikali ya Siku 33 Ambayo Riwaya Zetu Zimeiruka

Nyanya yangu wa Mombasa hasemi "uhuru ulipokuja." Husema "bendera nyekundu iliposhushwa." Nikiwa mdogo nilidhani anaongea kuhusu bendera ya Mwingereza na amechanganya rangi tu. Kumbe alikuwa anajua anachosema. Ilikuwa bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa ikipepea Fort Jesus kwa sababu ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wake kwa jina, na Mwingereza aliukodi tangu 1895.

Ukodi huo uliisha kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua: Pwani iingie Kenya, na Kenya ilinde mahakama za kadhi, uhuru wa dini na hati za ardhi. Yaani ukizaliwa Mombasa, Malindi au Lamu, Ukenya wako umepitia mikononi mwa huyo mtu. Mimi nilikaa kampasi miaka miwili nikisoma siasa kabla karo inishinde, na jina lake sikulisikia hata siku moja.

Basi nikafanya kile ninachofanya nikikosa kitu darasani. Nikakitafuta kwenye riwaya.

Kwanza nikuwekee hesabu, maana bila hesabu hii serikali haieleweki. Januari 1961, Zanzibar ilipiga kura kuchagua wabunge 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu (ZNP) 9, na chama kidogo chenye nguvu zake Pemba, ZPPP cha Shamte, kikapata 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Hakuna serikali. Juni wakarudia, viti vikiwa 23: 10, 10 na 3. Safari hii Hizbu na ZPPP wakaungana, na Shamte, mtu ambaye miaka miwili tu nyuma alikuwa Afro-Shirazi, akawa kiongozi wa serikali. Ghasia za uchaguzi huo ziliua watu 68. Julai 1963 wakapiga kura tena. Afro-Shirazi ikapata karibu asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Mseto ukabaki na 18.

Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya wetu. Tarehe 16 Desemba, Kenya na Zanzibar ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja. Tarehe 12 Januari 1964, serikali ya mseto ikapinduliwa. Siku 33.

Sasa niambie, hiyo si riwaya? Mtu aliyehama chama, kiti cha kura moja, walio wengi wanaoshindwa wakiwa wengi. Lakini nenda kwenye rafu uone.

Anza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Filamu hiyo nimeitazama mara tatu na nitaitazama tena, kwa ajili ya Yasmin na Denge na zile rangi. Ila inabaki miaka ya 1950, wakati mkoloni bado ameketi na adui ni mmoja tu. Wapigania uhuru humo bado hawajafika pale pagumu, pa kugombana wao kwa wao nani atarithi kiti.

Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya 1978 ya Adam Shafi huyohuyo, nayo inaenda hadi kwenye mapinduzi yenyewe. Nilinunua nakala yangu kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, jalada limeshikiliwa na selotepu. Kijakazi ni mmoja wa wahusika walioniuma zaidi katika Kiswahili: mtumishi aliyezoea kutumikishwa hadi uhuru unamkuta bado anamfikiria bwana wake. Shafi anajua utumwa unavyokaa ndani ya mwili wa mtu. Lakini katika ulimwengu wa riwaya hiyo kuna kasri na kuna shamba, kuna bwana na mtumwa. Masanduku ya kura hayana uzito. Ukimaliza kusoma unaweza kudhani Zanzibar ilitoka kwa mabwana moja kwa moja hadi kwa wanamapinduzi, na hapo katikati hakuna aliyewahi kupanga foleni kupiga kura.

Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021, ana mbinu nyingine. Katika Desertion (2005), Rashid anaondoka kwenda kusoma Uingereza kabla ya uhuru. Siku 33 zinapita akiwa kwenye baridi ya London, na habari za kuanguka kwa kila kitu zinamfikia kwa mbali. Sauti ya kaka yake Amin, aliyebaki, tunaipata baadaye kupitia maandishi yake. Ni uamuzi mzuri kisanaa, sikatai. Mhamiaji huikosa siku ile muhimu, halafu huishi maisha yake yote akiizunguka. Bado, kwa mara nyingine tena, msomaji hakuwepo.

Nadhani najua kwa nini pengo hili lipo. Kwa anayesherehekea mapinduzi, serikali ya Shamte ilikuwa barakoa ya Sultani, basi haina haja ya watu ndani yake. Kwa anayeomboleza, na ana haki ya kuomboleza kwa sababu watu wengi waliuawa, hasa Waarabu na Wahindi, zile siku 33 ni pepo iliyoibiwa. Pepo nayo haihitaji wahusika. Pande mbili zinazochukiana zimekubaliana jambo moja: kuiacha serikali hiyo bila sura.

Na ilikuwa na sura, tena zenye makosa. Iliwaondoa kazini polisi wengi waliotoka bara, ikawaacha papo hapo Unguja bila mshahara, wakijua kila mlango wa kituo. Mwanzoni mwa Januari ilipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu wa Hizbu yenyewe kabla ya kujitoa. Usiku wa kuamkia tarehe 12, Ziwani na Mtoni zikavamiwa, silaha zikachukuliwa, na asubuhi sauti ya John Okello ikawa redioni. Shamte aliishia kizuizini.

Nataka riwaya ya yule polisi aliyefutwa. Anakaa barazani na sare aliyokataa kuirudisha, mkewe anamuuliza kesho watakula nini. Nataka pia ya karani wa serikali aliyeamini kwa dhati kwamba viti 18 vinatosha, kwa sababu sheria ilisema vinatosha.

Sisemi haya kwa mapenzi ya historia tu. Mimi ni mtoto wa nusu mkate. Nilikuwa shule ya msingi 2008 Kibaki na Raila walipogawana serikali baada ya watu kufa, na nikajifunza neno mseto kwenye redio kabla sijajua ni siasa. Nilidhani ni kile chakula cha nyanya, mchele na pojo. Tangu hapo nimeona salamu za 2018 na serikali jumuishi ya baada ya maandamano ya 2024. Kila mara wakubwa wanahesabu viti na kusema hesabu imetimia. Kila mara kuna watu wengi nje ya hesabu hiyo, na hakuna anayewaandika hadi wavunje mlango.

Hapo ndipo ninapowadai waandishi wetu, wa Unguja na wa huku. Mapinduzi ni rahisi kuandika kwa sababu yana usiku mmoja. Serikali ya mseto ina vikao, chai, minong'ono, na mtu mmoja anayehama chama akijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya watu wake wa Pemba. Huko ndiko tunakoishi sisi siku nyingi.

Nilimpigia nyanya nikamuuliza kama anamkumbuka Shamte. Alikaa kimya kidogo. Bendera anaikumbuka, akasema, na kamba yake, na upepo wa siku ile. Wenye kuishusha hakuwaangalia.