Nani Alimfuata Okonkwo?

Kila mwaka nisomeshapo riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyotolewa London mwaka 1958 na kufasiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo, huwataka wanafunzi waandike insha juu ya mwisho wake. Aghalabu insha zote husema neno moja: Okonkwo alijiua kwa sababu ya kiburi, na mwisho wa kiburi ni maangamizi. Mwaka mmoja mwanafunzi asiyependa kusema darasani aliandika hukumu hiyo hiyo kama wenziwe, kisha chini ya ukurasa akaongeza swali: “Mwalimu, mbona hapana aliyemfuata?” Swali hilo lilinirudisha kitabuni. Nataka kulijibu hapa.

Hukumu ya kiburi ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kiburi Okonkwo alikuwa nacho tangu ujana, wala hakikumwua. Msomaji mwangalifu ataona kwamba kukata tamaa kulimjia mara tatu, na mara mbili alirudi. Basi kazi ya mhakiki ni kuuliza: ni nini kilichomrudisha mara hizo mbili, na mara ya tatu kilipungua nini?

Mara ya kwanza ni baada ya kifo cha Ikemefuna, kijana aliyeishi nyumbani mwake miaka mitatu na kumwita baba. Okonkwo mwenyewe alimpiga panga kwa kuogopa kuitwa mnyonge. Kwa siku mbili hakula kitu, alikunywa tembo tangu asubuhi hata usiku, na usingizi ulimkimbia. Binti yake Ezinma akamletea ndizi za kuchoma, akaketi mbele yake, akanyosha miguu, akamwambia kwamba kwa kuwa hakula siku mbili, hana budi kuzimaliza. Mtoto hakumhutubia wala hakumlaumu. Alitaja jambo aliloliona, kisha akakaa. Baadaye Okonkwo alitoka akaenda kwa rafiki yake Obierika kuzungumza.

Mara ya pili ni uhamishoni Mbanta, kijiji cha mama yake, alikopelekwa kwa miaka saba baada ya bunduki yake kumwua kijana pasipo kukusudia. Kazi haikuwa na ladha tena kwake. Mjomba wake Uchendu aliyaona hayo. Kwanza alimpa ardhi, na wanawe watano wakamchangia kila mmoja viazi vikuu 300 vya mbegu. Kisha akawakusanya jamaa zake wote, akamwita Okonkwo katikati yao, akasema naye waziwazi. Alimweleza kwamba mtu mwenye huzuni hupata kimbilio katika nchi ya mama yake, na kwamba wake zake na watoto wake wanamhitaji. Ndipo akasimulia msiba wake mwenyewe: wake waliokufa wakabaki na mmoja, watoto 22 aliowazika. Akasema kwamba yeye hakujinyonga.

Tazameni ujasiri wa mzee huyu. Katika nchi ambayo kujiua kulikuwa uchafu mkubwa juu ya ardhi, alilitaja neno lenyewe mbele ya mtu aliyemhofia, naye mtu huyo hakuangamia. Alilima, akajenga, akaishi hata miaka saba ikatimia. Wengi wetu hudhani kwamba kumwuliza mtu kama anawaza kujiua ni kumpandia wazo hilo moyoni. Shirika la Afya Duniani limefundisha kinyume chake: kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu, bali humfungulia mlango. Achebe aliliandika hilo ndani ya hadithi.

Sasa tufike mara ya tatu. Okonkwo amerudi Umuofia. Yeye na viongozi wenziwe watano wamekamatwa kwa hila, wakanyolewa nywele na kupigwa mijeledi gerezani. Aliporudi nyumbani, Ezinma alimletea chakula kama alivyofanya zamani. Okonkwo akala ili kumridhisha binti yake tu. Jamaa na marafiki walijaa chumbani. Obierika alimhimiza ale. Wengine wote walinyamaza, ilhali waliyaona makovu marefu ya kiboko mgongoni mwake. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kitabu kizima. Macho yote yaliona, wala hapana ulimi uliouliza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Methali hii huelekezwa kwa mgonjwa, lakini hapa inawapata pia walioyaona maradhi wakayafunika kwa kimya.

Kesho yake Okonkwo alimwua tarishi wa serikali mbele ya mkutano. Akasikia watu wakiulizana kwa nini ametenda hivyo. Waliulizana wao kwa wao, hawakumwuliza yeye. Akapangusa panga lake mchangani, akaenda zake. Hapo mwandishi naye anamwachilia. Hatuambiwi aliwaza nini wala alipita njia gani, na tunapoletewa habari zake tena amekwisha kufa. Wengine huona hili kuwa pengo katika riwaya. Mimi naliona kuwa haki, kwa sababu Achebe ametuweka mahali pale pale walipokuwa majirani zake, nje ya moyo wa mtu ambaye hapana aliyemfuata.

Simlaumu Obierika. Ndiye aliyemtunzia rafiki yake mashamba na kumpelekea fedha za kauri uhamishoni. Okonkwo aliposema kuwa hajui amshukuru vipi, Obierika alimfanyia mzaha, amwue mwanawe mmoja. Na Okonkwo alipojibu kwamba hilo halitoshi, akaambiwa basi ajiue mwenyewe. Okonkwo akatabasamu. Neno lililotamkwa siku ile kwa mzaha halikutamkwa kwa dhati siku lilipohitajiwa. Hata hivyo upendo wa Obierika ulikuwa wa kweli, na aliyefiwa kwa namna hii asijitwike hatia. Sababu zilikuwa nyingi: utawala wa kigeni, fedheha ya gerezani, ukoo uliovunjika. Lakini wingi wa sababu haufuti faida ya mtu mmoja akaaye karibu na kuuliza.

Aibu ndiyo iliyofunga vinywa. Mila ya Umuofia haikuwaruhusu hata jamaa kuugusa mwili wa aliyejiua. Ilibidi kuwaomba wageni. Tusijidhanie kuwa tumekwisha kuvuka huko. Hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, mpaka Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ni nani atakayesema shida yake, akijua kwamba jibu ni korokoroni?

Basi, msomaji kijana, ukimwona mwenzako ameacha kula, hapati usingizi, anagawa vitu vyake, au anasema kwamba wengine watapumzika asipokuwapo, fanya kama Uchendu. Keti naye, mwulize kwa neno lenyewe, msikilize pasipo kumkemea. Usimwache peke yake, wala usikubali kiapo cha siri. Mwite mzazi, mwalimu au mganga wa hospitali, kwa kuwa mzigo huo haupaswi kubebwa na kijana peke yake. Na ikiwa mwenye kuwaza hayo ni wewe, mwambie mtu leo.

Mwanafunzi yule nilimwita jioni ile ile. Nilimwuliza kama anawaza kujiua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema si yeye, ni kaka yake, na kwamba hakujua aanze kumwambia nani. Tulikwenda pamoja kwa mama yao kabla ya jua kuchwa, na kesho yake kaka alifikishwa hospitali. Insha ile sikuipa alama kwa hukumu yake juu ya kiburi, maana haikuzidi za wenziwe. Niliipa alama kwa swali lake.