Istilahi za Marudio katika Programu: Uhakiki kwa Kumzingatia Mwanafunzi wa Rugerero

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Hadhi hiyo haijakifanya kuwa lugha ya kufundishia kompyuta. Mwanafunzi wa Rugerero, wilayani Rubavu, anayekisikia katika biashara ya mpakani na Goma, angenufaika na maelezo ya programu kwa Kiswahili, mradi yawe sahihi. Usahihi huo ndio unaokosekana katika tafsiri za neno kwa neno. Katika lugha ya Python, amri ya range(1, 5) hutoa 1, 2, 3 na 4. Mfasiri akiandika “kuanzia 1 hadi 5” anapotosha, kwa kuwa “hadi” kwa kawaida hujumuisha kikomo. Vilevile, while ikifasiriwa “wakati”, msomaji hudhani kwamba sharti hupimwa mfululizo, ilhali hupimwa mwanzoni mwa kila mzunguko tu. “Maadamu” ni bora zaidi, lakini nayo haionyeshi mahali pa upimaji. Maelezo hayana budi kupataja. Kwa hiyo, kuunda istilahi hakutoshi. Kila istilahi ijaribiwe kwa mfano unaoendeshwa, na washauri wa sera wadai jaribio hilo kabla ya kitabu kuidhinishwa.