Kabati la Vitabu Nyumbani: Nani Asome Nini?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na ulimi wa kuieleza, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, ingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Pemba, utaona jambo moja. Msahafu umefunikwa kitambaa kizuri na kuwekwa mahali pa juu, kama ipasavyo. Chini yake zipo juzuu za watoto, na pengine Maulidi ya Barzanji. Baada ya hapo ni sahani za kauri, picha ya Al-Kaaba na televisheni. Vitabu vingine havionekani. Ukidadisi utaambiwa kuwa kimoja kiko chini ya godoro la kijana, kwa sababu anaogopa baba yake asije akakiona. Hapo ndipo penye maneno yetu ya leo.

Wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume wetu katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma. Hilo kila mtoto wa chuoni analijua. Lakini kusoma nini? Wako wanaosema kwamba mbali na Qurani, Hadithi na vitabu vya fiqhi, kila kilichobaki ni upuzi, hasa visa vya kubuni. Wako na wengine wanaomwachia mtoto asome lolote maadamu ametulia. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hawakifungui kitabu wakaona kilichomo.

Sisemi haya kwa kumsuta mtu, kwani mimi mwenyewe nilikuwa katika hao wa kwanza. Miaka mingi iliyopita nilimkuta mwanangu, baada ya sala ya Isha, amejifunika shuka gubigubi anasoma kwa tochi. Nilimnyang'anya kitabu chake. Jina lake peke yake lilitosha kunitia hasira: Mzimu wa Watu wa Kale. Nikamwambia, "Nyumba hii haina mambo ya mizimu." Akanijibu kwa sauti ndogo, "Lakini baba, hujakisoma." Nikamwona amekosa adabu, nikakifungia kitabu sandukuni.

Siku ya tatu nilikitoa nikisome, kwa nia ya kutafuta maovu yake nimwonyeshe. Sikukiweka chini mpaka nikakimaliza. Kumbe kitabu kile cha marehemu Muhammad Said Abdulla wa Unguja, kilichopigwa chapa mwaka 1960, kinapinga yale yale ninayoyapinga mimi. Mtu ameuawa, maiti yake imekutwa mzimuni, na watu wanaogopa hata kuuliza. Bwana Msa na kiko chake anauliza, anapima maneno ya kila mtu, mpaka inadhihirika kuwa damu ile imemwagwa kwa mkono wa mwanadamu. Ni mara ngapi tumewasikia masheikh wetu wakiwakanya watu wasiogope makaburi na mapango? Mwanangu alikuwa akiyasikia mawaidha hayo hayo chini ya shuka, nami nikamzuia. Nilimrudishia kitabu chake nikamtaka radhi. Ni zito kwa baba kumtaka radhi mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini haki ni haki.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni: simpi mtoto wala simkatazi kitabu nisichokisoma. Kwa kanuni hiyo nawaletea vitabu ninavyoona vinafaa kuwamo nyumbani, kila kimoja na umri wake. Nitataja na dosari zao, kwani anayesifu tu bila ya kupima huyo ni mchuuzi.

VYA WATOTO WADOGO

Mtoto aliyekwishaanza kusoma Kiswahili vizuri apewe Hekaya za Abunuwasi. Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Khalifa Harun al-Rashid. Huyu wa hekaya zetu ni mjanja anayewashinda matajiri na wafalme kwa akili. Lugha yake ni nyepesi, visa ni vifupi, na vinapendeza kusomwa kwa sauti. Dosari yake ni kuwa Abunuwasi huongopa mara nyingi na uongo wake humfaa. Baadhi ya wazazi wanakificha kwa ajili hiyo. Mimi nasema soma naye, na kila kisa kikisha muulize mtoto: hapa nani kadhulumiwa? Mtoto hujua, na akishalisema kwa kinywa chake mwenyewe hahitaji tena wewe umhubirie.

Akifika miaka tisa au kumi, mpe Adili na Nduguze cha marehemu Sheikh Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela U Lela, lakini Sheikh Shaaban amekivika nguo za kwetu. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia ubaya mkubwa mpaka wakageuzwa manyani. Ameamrishwa awapige kila usiku, naye huwapiga huku analia. Mtu mzima anaweza kulalamika kwamba majina yale yanatangaza tabia za watu kabla hawajatenda neno, na kwamba mara kwa mara mwandishi anasimamisha kisa ili atoe mawaidha. Ni kweli. Lakini mtoto aliyegombana na nduguye mchana kutwa, akisomewa usiku habari ya yule anayelia kwa adhabu ya waliomdhulumu, hunyamaza. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Ama Alfu Lela U Lela yenyewe, ambayo imekuwapo kwa Kiswahili tangu mwaka 1929, mzazi aisome kwanza kisha achague. Ndani yake mna lulu, na mna mambo ambayo si ya watoto.

VYA VIJANA

Kijana aendelee na Bwana Msa katika Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973). Mtu anaweza kusema kuwa Bwana Msa hakosei kamwe, na kuwa mambo hukutana kwa sadfa kupita kiasi. Tunakubali. Lakini vinamfundisha kijana kuwa dhana haiwi ushahidi. Somo hilo kadhi analihitaji mahakamani, na watu wa barazani wanalihitaji zaidi.

Pamoja navyo asome kitabu cha maisha ya Mtume (s.a.w.) alichokiandika marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy. Sheikh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alama ya ualimu imo katika kila ukurasa: anaeleza nani ni mtoto wa nani, na nani kamuoa nani, mpaka Makka inakuwa kama mtaa unaoujua. Hakufanya maneno matamu, na anayetaka utamu wa masimulizi ataona mahali pengine pakavu. Lakini kijana atatoka na elimu iliyo thabiti.

Kisha apewe Sambo ya Kiwandeo ya marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, iliyopigwa chapa mwaka 1979. Ni utendi wa kuunda chombo cha bahari kule Lamu, mbao kwa mbao. Vijana wetu wamezaliwa pwani lakini kila chombo wanakiita boti. Kitabu hiki ni kizito kwa sababu ya Kiamu chake, na kijana hatakiweza peke yake. Basi na ampelekee babu yake aliyewahi kupanda jahazi. Babu atapata wa kuzungumza naye, na kijana atajua kuwa babu anajua kitu.

VYA MABINTI, NA WAVULANA PIA

Utendi wa Mwana Kupona hautaki kuelezwa sana. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwusie binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, aliyepambana na Sayyid Said kwa miaka mingi, alikuwa amekwishafariki.

Nataka kulalamika juu ya namna tunavyousoma. Katika nyumba nyingi binti husomewa zile beti za kumtumikia mume tu, tena siku chache kabla ya harusi. Lakini Mwana Kupona hakuanza hapo. Ameanza na dini, akafuatisha ulimi wa adabu, ukweli, na kukaa na watu kwa wema, na akamalizia kwa dua ndefu. Na alipoeleza ndoa yake mwenyewe alieleza mapenzi na radhi za watu wawili. Anayekata kipande cha katikati akaacha vilivyobaki amemdhulumu mtungaji. Na mvulana je? Wasia wa kusema kweli na kumheshimu mtu maskini umempita? Usomwe wote, na wasomewe wote.

VYA WAZAZI

Hapa nakuja kwenye vitabu ambavyo baadhi ya ndugu zangu watanilaumu kwa kuvitaja. Utengano cha Said Ahmed Mohamed kilitoka mwaka 1980. Mwanangu yule yule wa tochi, alipokuwa mkubwa, ndiye aliyeniletea akaniambia, "Baba, kisome kwanza." Sikukipenda. Mna ulevi, mna nyumba mbaya, mna mambo yanayomkirihisha mtu. Si kitabu cha mtoto, na sikitaki katika mikono ya mtoto.

Lakini ni kitabu cha baba yake. Bwana Maksuudi amemfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba asione jua, kwa jina la heshima, na yeye mwenyewe huko nje anaishi apendavyo. Binti akitoroka anaangamia, kwa kuwa hakufundishwa lolote la kumlinda ila kufuli. Nilikisoma kwa uchungu, nikihesabu kufuli nilizotia mimi. Dini yetu imeamrisha stara, na imemwamrisha mwanamume kuinamisha macho kabla ya kumtaja mwanamke. Maksuudi alichukua nusu ya amri akaacha nusu iliyomhusu. Ubaya wa kitabu ni kuwa giza limezidi, na msomaji hapati kumwona mcha Mungu wa kweli wa kumlinganisha na yule mnafiki. Hata hivyo kisomwe na wazazi wawili, kisha wazungumze.

Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed (1976) kimeandikwa kwa ufundi zaidi. Rehema amekataliwa na baba yake kwa sababu ya weusi wa rangi yake, na baadaye ardhi anayoitegemea inagombewa. Nani kwetu hajapata kusikia mambo hayo? Tunasali safu moja, kisha tunaulizana ukoo wakati wa posa. Na mali ya mayatima inaliwa kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Mtu akikisoma kitabu hiki naye ana shamba, na aandike wasia wake kabla ya kulala.

VYA WAZEE, NA VYA NYUMBA NZIMA

Kila nyumba iwe na Qurani Takatifu ya Sheikh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, si kwa kupambia bali kwa kufungua: ukurasa mmoja kwa siku pamoja na maelezo yake. Iwe pia na Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, uliokusanywa kutokana na makala alizokuwa akiziandika Mombasa katika Sahifa tangu mwaka 1930. Maneno yake ni makali kwa Waislamu wanaolala usingizi wa ujinga, na mengine utadhani yameandikwa jana.

Na mzee aliyetulia awe na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid hakumwaidhi mwingine; aliuaidhi moyo wake mwenyewe, akiutazamisha majumba ya Pate yaliyoanguka, na zidaka zilizokuwa na sahani za kauri zikawa makazi ya ndege. Kiswahili chake ni kigumu, na mengi yanataka mfasiri. Lakini sahani za kauri tunazo, nimezitaja mwanzoni. Anayezipanga kabatini na asiwe na kitabu hiki kando yake, amechukua pambo la Pate akaacha mazingatio yake.

Mwisho, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mvita yasingetufikia lau si Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya vinywani mwa watu na kuyaandika. Basi kabati la nyumba liwe na daftari tupu pia, la kuandikia wanayoyajua bibi na babu kabla hawajaondoka nayo.

Hatuombi mengi. Baina ya Maghribi na Isha, mara mbili kwa wiki, simu ziwekwe kando na mmoja wa nyumbani asome kwa sauti. Asiye na uwezo wa kununua aazime kwa jirani, na aliyeazima arudishe, maana kukalia kitabu cha watu ni dhuluma kama dhuluma nyingine. Na mzazi akisikia kishindo cha ukurasa chini ya shuka, na aulize kwa upole ni kitabu gani, kisha aombe zamu yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wa kwanza kuyafanya tunayowaamrisha watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.