Chuma Kizima

Katika ua mmoja wa Alexandra, kaskazini ya Johannesburg, chini ya paa la mabati lililoegemezwa ukutani na kushikwa na nguzo mbili za miti, limewekwa juu ya magogo gari la aina ya Valiant lililoundwa katika miaka ya 1960, na mwaka wa tatu sasa mzee mmoja analivua kutu kwa mikono yake mwenyewe. Vijana wa ua ule humwita Malume, yaani mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na siku ya kwanza nilipolisikia jina hilo, sikio langu lilisikia ndani yake "mlume", neno ambalo wahenga wetu walimwitia mwanamume aliyekamilika kwa ushujaa na ustahimilivu. Nami nilipofahamu kwamba Valiant nalo maana yake ni shujaa, nilimshukuru Mola aliyewakutanisha mtu na chombo chake kwa majina yanayolingana hivyo. Tangu hapo nimekwenda katika ua ule Jumamosi nyingi, nikaketi juu ya kiti cha nyuma cha gari lile, ambacho kimetolewa na kuwekwa kando ya ukuta kuwa baraza ya wageni, na haya niyaandikayo ni sifa za kazi niliyoitazama kutoka kwenye kiti hicho.

Kutu ni adui mwenye subira. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja huanza kurejea, chembe kwa chembe, katika hali iliyo jirani na ile ya udongo kilimochimbwa; na kwetu pwani chumvi ya bahari huiharakisha safari hiyo, hata komeo la mlango likiachwa bila mafuta kwa misimu michache humeguka mkononi mwa mwenyewe. Johannesburg iko baidi na bahari, juu ya uwanda uliozidi mita 1,500 kutoka usawa wa maji, na majira yake ya baridi ni makavu. Lakini majira ya joto huja na mvua za radi, aghalabu wakati wa alasiri, na maji yake hutafuta mahali pa kujificha. Matundu madogo ya chini ya milango, yaliyowekwa ili maji yatoke, yakizibwa na vumbi na majani huugeuza mlango kuwa birika. Zulia la mpira lililotandikwa ili kuihifadhi sakafu huyafungia maji yasikauke. Na asidi ya betri hulila sinia lililoibeba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakupata kuliona gari. Rangi ya nje yaweza kung'aa ilhali bati lililo chini yake limekuwa unga, na kwa kuwa kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kuiinua rangi kama usaha unavyoinua ngozi, hata kivimbe kidogo cha kadiri ya punje ya mtama huweza kuwa ndiyo dalili ya tundu la kupitisha ngumi.

Kwa ajili hiyo kazi huanza kwa kuvua, na kuvua kuna adabu zake. Kila nati na kila bolti aliyoitoa Malume ilitiwa katika kopo lake, na juu ya kopo akachora sura ya mahali ilipotoka, ili mkono utakaoirudisha, wake au wa mwingine akiwa yeye hayupo, usipapase gizani. Bolti iliyoshikwa na kutu hailazimishwi. Huipaka mafuta mepesi jioni, akaigonga kichwa kidogo kwa nyundo ili mafuta yapenye, akaiacha ilale. Asubuhi huijaribu kwa spana, na isipokubali huipasha moto, akaipaka tena, akaenda kwenye kazi nyingine. Nimeiona bolti moja ya bampa ikisihiwa namna hiyo siku nne, ikatoka siku ya tano ikiwa nzima pamoja na hesi zake. Mwenye pupa angeikata kichwa mara moja, kisha angeshinda juma zima akikitoboa kisiki kilichobaki. Basi subira ya fundi, ambayo mpita njia huiona kuwa ni uvivu, ndiyo njia iliyo fupi kuliko zote.

Lakini kiini cha ufundi huu kimo katika kukata. Malume hulipitia bati kwa mpini wa bisibisi, akiligonga taratibu huku ameinamisha sikio, na panapolia wazi hupaacha, na panapoitika kwa sauti iliyokufa hupapiga alama ya chaki. Kisha huondoa rangi kwa brashi ya waya na msasa, mpaka mng'ao wa kijivu utakapojitokeza au mpaka tundu litakapofunguka. Moto wa kuchomelea hauwezi kuliunganisha bati jipya na kutu. Ukijaribu, kutu huungua na kupasuka, na kiungo huonekana kuwa kimeshika mpaka siku gari litakapoingia katika shimo la kwanza la barabarani. Fundi hana budi kukata mpaka afike kwenye chuma kizima, naye mara nyingi huanza kwa kudhani kuwa atakata shibiri, akaja akakata dhiraa. Hapo ndipo tabia ya mtu inapojaribiwa. Wako wanaokomea pale pawafaapo wao, wakajaza matundu kwa puti, wakapiga msasa, wakapuliza rangi, na gari likauzwa liking'aa kama tunda lenye funza. Na mnunuzi, aliyetoa akiba yake kwa ikhlasi, hugundua baada ya masika moja kwamba alinunua rangi. Malume huitumia puti, kwa kuwa hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kulinyoosha bati kwa nyundo pasibaki wimbi hata kidogo, lakini huipaka nyembamba kama ukucha, juu ya chuma kilichokwisha kuponywa.

Kipande kibovu kilichokatwa hakitupwi. Hulazwa juu ya bati jipya, ukingo wake ukafuatwa kwa ncha ya msumari, na mahali kilipoliwa kabisa fundi huuendeleza mstari kwa kuusoma mwendo wa mpindo uliosalia. Kisha bati jipya hukatwa, hukunjwa juu ya ukingo wa chuma kizito, hugongwa, hulinganishwa, hugongwa tena. Kile kilichoshindwa kuibeba kazi huwa mwalimu wa kile kitakachoirithi. Ukuta wa mabati wa karakana ile umejaa vipande hivyo, vimetungikwa kwa misumari, vyekundu na vilivyotoboka, pembe ya sakafu, ukingo wa mlango, kipande cha digadi, na nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni takataka zilizomshinda mtu kuziondoa, kumbe ni maktaba.

Haya hayakuwa mageni kwangu kwa ukamilifu. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi hufanya vivyo hivyo kwa mbao: huupapasa ubao wa ubavuni kwa ncha ya patasi, huutoa uliooza, huchonga mwingine kwa kipimo cha uliotoka, hupigilia, hutia kalafati ya pamba na mafuta katika maungio, na mwisho hulipaka deheni tumbo la chombo kabla hakijateremshwa majini. Jahazi la miaka mingi huweza kuwa limebadilishwa nusu ya mbao zake, na hakuna nahodha athubutuye kusema kuwa si jahazi lile lile, maana umbo lake, lililopitishwa kutoka ubao hadi ubao, halikupata kukatika. Nilipomweleza Malume habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akauliza mafundi wetu wanajuaje pa kukomea. Nikamjibu kuwa hukomea pale patasi inapokataa kuingia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa salamu na ndugu asiyemjua.

Yafaa kuulizwa elimu hii ilitoka wapi, maana mzee huyu hakupata kukaa darasani kwa ajili yake. Sheria ya Uanagenzi ya Afrika Kusini ya mwaka 1922 ilitaka kiwango cha masomo ambacho Waafrika wachache mno walipewa nafasi ya kukifikia, na desturi za viwandani zikaufunga mlango uliosalia, hata cheti cha ufundi kikawa kama milki ya Wazungu, mpaka vizuizi vilipoanza kulegezwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwafrika alifagia karakana, alishika taa, alimpokeza fundi spana, na macho yake yakajifunza yale ambayo mikono yake ilikatazwa. Lakini Alexandra ilikuwa na jambo moja lililokuwa adimu katika nchi ile: iliasisiwa kuwa makao ya watu weusi mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1913 iliyowanyima Waafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi, na hivyo wenyeji wake waliweza kumiliki viwanja kwa hati. Mwenye kiwanja ana ua, na mwenye ua ana mahali pa kuliweka gari bovu. Elimu iliyookotwa mchana katika karakana za watu ilirudishwa jioni uani, na huko ikapata wanafunzi.

Wala magurudumu hayakuwa pambo katika mtaa huo. Miongoni mwa wakazi wake maarufu alikuwa Richard Baloyi, mwenye mabasi na teksi, ambaye baadaye alikuwa mweka hazina wa chama cha African National Congress. Lakini sheria ya uchukuzi ya mwaka 1930 ilizifanya leseni kuwa ngumu, na njia ya kwenda mjini ikaangukia mikononi mwa makampuni ya Wazungu. Mwezi Januari mwaka 1957, nauli ya basi ilipopandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5, makumi ya maelfu ya watu walikataa kupanda, wakaenda kwa miguu kiasi cha kilomita 15 asubuhi na 15 jioni, kwa muda wa miezi takriban mitatu. Kilio chao kilikuwa "Azikhwelwa". Nalo ni neno ambalo Mswahili halihitaji tafsiri, kwa kuwa "khwela" ya Wazulu ni "kwea" yetu sisi: hazikwewi. Peni moja iliwatembeza watu namna hiyo, basi haishangazi kwamba katika mtaa huo gari huheshimiwa. Valiant ile ilikuwa teksi ya baba yake Malume, katika zama ambazo teksi iliruhusiwa kuchukua abiria wanne tu, na kiti nikaliacho kila Jumamosi kilipata kuwabeba wajawazito, wagonjwa, maharusi, na wafanyakazi walioshindwa na miguu yao.

Injini yake ina silinda 6 za safu moja, na safu hiyo imelazwa upande kwa nyuzi 30, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Gari lilipokaa miaka bila kuwashwa, pistoni zilishikamana na kuta za silinda. Malume alizitoa plagi zote, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini katika kila tundu, akaziba kwa vitambaa, akangoja majuma mawili. Nilikuwapo siku alipotia spana ya mpini mrefu mbele ya injini na kuivuta kwa uzito wa mwili wake, bila kutikisa, bila kushtua. Ilisogea kiasi cha upana wa kidole. Hakupiga kelele, aliiweka spana chini, akanawa mikono, akaingia ndani kunywa chai, kwa kuwa kazi ya siku ile ilikuwa imetimia.

Mtaa wenyewe ulipata kuhukumiwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 1963 serikali ya ubaguzi iliamua kuziondoa familia za Alexandra na kujenga mabweni ya wafanyakazi waishio bila familia zao. Hati za viwanja zikachukuliwa, nyumba nyingi zikabomolewa, maelfu wakahamishwa. Wenyeji waliosalia walishikilia, na baada ya kampeni iliyoongozwa na Kasisi Sam Buti hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 1979. Watu wa Alexandra hawana haja ya kufundishwa tofauti iliyopo kati ya kitu kibovu na kitu kilichoitwa kibovu. Wanajua pia kwamba kilichookolewa hubaki na kazi kubwa ya kufanyiwa. Msongamano, mifereji, na mafuriko ya mto Jukskei yangali yanawasumbua, na hakuna rangi itakayoyaficha.

Jamaa mmoja aliniambia kwamba kwa fedha na miaka iliyotumika katika ua ule mzee angalinunua gari jipya. Hesabu yake ni sahihi, na sina haja ya kuipinga. Lakini gari jipya lisingalimfundisha mtu yeyote uani pale kusikiliza bati. Jumamosi iliyopita, ukingo wa chini ya mlango wa kushoto ulikuwa umekwisha kuchomelewa, na mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka kama kumi, akauliza kwa nini kipande cha zamani kilichooza kingali kimetungikwa ukutani ilhali kipya kimekwisha kukaa mahali pake. Malume alikitungua, akampa mtoto mikononi, akamwambia akipindue. Mtoto akakipindua, akakitazama, kisha akalitazama gari, upande wa kulia, ambao haujaguswa. Na uso wake ukafunguka. Mzee akatandaza bati jipya chini, akampa msumari, akamshikilia kipande kisicheze, na mtoto, ulimi umemtoka kwa umakini, akauchora mstari wa kwanza.