Gari Lililomwachia Fundi Nafasi

Mtu akifungua boneti ya Peugeot 404 kwa mara ya kwanza hudhani injini imetoka kwenye vishikizo vyake ikaangukia upande. Imelala kwa nyuzi 45. Wahandisi wa Peugeot waliilaza makusudi ili boneti ishuke chini, kwani ndivyo mchoro wa Pininfarina ulivyotaka mwaka 1960 gari hili lilipotoka. Mimi nimejifunza kulitazama gari hili uwani kwa mjomba wangu, fundi mstaafu wa Tanga, anayelifufua moja lililoachwa chini ya mwembe mpaka nyasi zikaota ndani ya madigadi. Kila akifungua kitu hunionyesha jambo lilelile: waliolitengeneza walijua kwamba siku moja litafunguliwa na mtu aliye mbali na kiwanda, mwenye spana chache na muda mwingi, wakamwachia nafasi.

Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa 404 ni nini. Kenya iliwahi kuwa na stesheni wagoni zake zikibeba abiria wa masafa marefu, mizigo ikiwa juu ya keria. Katika Safari Rally gari hili lilishinda mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walichukua ushindi wa kwanza na wa mwisho. Miaka miwili ya katikati ilikuwa ya Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua na matope ya Pasaka viliyameza magari karibu yote, na yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Walioiona ile saba mara mbili hawakusahau ni gari gani lilikuwa mbele.

Lakini ushindi haulindi bati. La mjomba lilikaa karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina heshima kwa historia.

Kazi ilianza kwa kutofanya kazi. Injini ilikuwa imekwama, na vijana wa mtaani walishauri lifungwe kamba livutwe na lori, liwekwe giya, litazunguka lenyewe. Mjomba alikataa hata kulisikia wazo hilo. Ringi za pistoni zikigandana na kuta za silinda kwa kutu, kuzilazimisha ni kuzivunja, na ringi ikivunjika huchora ukuta mzima. Alitoa plagi zote nne, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, akafunika matundu kwa vitambaa, akaenda kulima bustani yake. Kila alasiri aliongeza kidogo. 404 ina tundu mbele, kwenye bampa, la kupitishia hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Aliichomeka, akaisukuma kidogo huku, kidogo kule, bila kuikaza. Siku ilipokubali haikutoa mlio wowote mkubwa. Hendeli ilisogea upana wa kidole, ikarudi, ikasogea zaidi. "Mjomba, shika hapa," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vilevile. Niliona jinsi chuma kinavyolegea polepole mkononi. Tungetumia nguvu, injini ingekwisha hapo hapo.

Ilipofunguliwa ndipo ile nafasi niliyoitaja ilipoonekana wazi. Injini hii ya sentimita za ujazo 1,618 haina silinda zilizochongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Ina laina nne zinazochomolewa, na maji ya rejeta yanapita yakizigusa kwa nje. Kwenye injini nyingi silinda ikilika, bloku nzima lazima ipelekwe kwa mchongaji. Hapa fundi anatoa laina iliyochoka, anaingiza mpya na pistoni yake, akiwa nyumbani kwake. Sharti ni moja, nalo ni gumu. Laina lazima zichomoze juu ya uso wa bloku kiasi kidogo sana, sehemu chache za mia za milimita, na zote nne zilingane. Zikizama, gasketi ya silinda hedi haitabana na maji yataingia kwenye oili. Moja ikizidi wenzake, hedi ya aluminiamu itapinda. Kimo hicho hurekebishwa kwa unene wa gasketi nyembamba zinazokaa chini ya laina. Mjomba alipima kwa rula ya chuma na fila, akatoa, akabadili gasketi, akarudisha, akapima tena. Kazi hiyo ilikula siku ambazo mtu mwingine angekuwa ameshawasha gari. Nilimwona akipima laina ambayo tayari ilikuwa sawa, kwa sababu alikuwa amebadili ya jirani yake.

Bodi ndiyo iliyomchukua zaidi, na ndiko ninakoona ubingwa wake mkubwa. 404 haina chesisi ya kukaa peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kingo zilizo chini ya milango ni masanduku marefu ya bati, nazo ndizo zinazolizuia gari lisijikunje katikati. Nje zilionekana nzima, zimepakwa rangi na mtu mwenye haraka zamani. Mjomba alizigonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho, akisikiliza. Panapolia kwa ukali pana bati. Panapojibu kwa sauti butu pana puti na magazeti.

Kabla ya kukata chochote alichomelea vyuma vya kushikilia katika nafasi za milango, kutoka nguzo hadi nguzo, ili gari lisishuke likikosa ukingo. Akakata upande mmoja tu. Akaujenga, akafunga mlango na kuangalia mwanya wake kuanzia juu hadi chini, ndipo akageukia wa pili. Fundi anayekata pande zote mbili kwa pamoja huishia na gari ambalo milango yake haifungi tena maisha, na hakuna puti inayotibu hilo. Ndani ya masanduku mapya, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, alipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha akanyunyiza nta kupitia matundu ya kutolea maji. Matundu hayo aliyaacha wazi, kwani ukingo ulioziba huoza kutoka ndani.

Kisha kunyoosha. Madigadi la kushoto lilikuwa limegongwa, likajazwa puti nene kuliko bati. Aliibandua yote. Bati lililogongwa halikubonyea tu, limerefuka pia, na huo urefu wa ziada lazima urudishwe, vinginevyo uso utabaki ukicheza ukiubonyeza. Alishika chuma kizito kwa nyuma, akapiga kwa nyundo kwa mbele, mapigo mepesi ya mfululizo yaliyoanzia pembezoni mwa bonde na kuelekea katikati. Palipobaki mwinuko alipapasha moto kwa gesi, duara dogo lisilozidi sarafu, akagonga, akapoza kwa kitambaa kilicholowa. Bati hujivuta. Akifanya hivyo mara nyingi mno mahali pamoja hujivuta kupita kiasi, kwa hiyo kila duara alilipumzisha.

Kwa kukagua hakutumia macho kwanza. Alivaa soksi nyembamba ya pamba mkononi, akapitisha kiganja chote kwa urefu wa madigadi, kama fundi cherehani anayetafuta uzi uliovutika kwenye kitambaa. Kitambaa cha soksi huondoa msuguano wa ngozi, na kiganja kikasikia mawimbi ambayo jicho lingeyapita. Baadaye alipuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima, akalainisha kwa msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu. Weusi uliobaki ulikuwa mabonde, chuma kilichong'aa kilikuwa vilima. Akarudi kwenye nyundo. Puti aliyotumia mwishoni ilikuwa ya kuziba mikwaruzo ya msasa, basi. Nimewahi kuona magari yaliyopakwa rangi ya bei kubwa juu ya kazi mbovu, nayo hujisaliti jioni, jua likilala na kumulika ubavuni. Hili halina cha kuficha jua likilala.

Vipande vidogo, bawaba na mabano na bolti, aliviondolea kutu ndani ya pipa la plastiki lenye maji ya magadi na chaja ya betri: kipande kwenye hasi, bati bovu kwenye chanya, nje penye upepo kwa sababu ya gesi inayotoka. Bolti zilirudi zikiwa na alama zake za kiwandani. Angeweza kununua mpya kwa kilo.

Difu ilileta mjadala. 404 haina difu ya kawaida. Nguvu hupita kwa skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, na kwa asili giya za namna hiyo zilipewa mafuta yenye asili ya nyonyo. Muuzaji dukani alitoa mafuta ya difu ya kisasa, ya bei nzuri, akiapa kwamba ni bora kuliko yote. Mjomba aligeuza kopo, akasoma, akalirudisha. Baadhi ya viungo vya salfa vinavyowekwa ili kulinda chuma hula shaba taratibu, na gurudumu lile halipatikani kirahisi tena. Alisubiri mpaka mafuta yanayofaa yakaletwa. Subira hiyo, ya kuliacha gari liketi juu ya mawe kwa sababu ya kopo moja, ndiyo ninayoistahi kuliko ule ustadi wa nyundo, maana nyundo angalau humpa mtu kitu cha kushika.

Viti vya abiria viko kwa fundi cherehani sasa, na nyaya za umeme zimesukwa upya zikifuata rangi za zamani. Injini imeshawashwa. Ringi mpya bado hazijazoeana na laina, kwa hiyo mjomba anaendesha polepole, bila kupanda mlima kwa giya kubwa na bila kukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Baada ya kilomita mia chache oili itamwagwa, hedi itakazwa upya ikiwa baridi kabisa, na valvu zitapimwa tena: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za kutolea moshi. Wapo wanaomshauri alifunike turubai na kulitoa siku za harusi. Yeye ameshafunga keria juu ya paa, na amemwahidi dada yake kwamba mavuno ya Lushoto mwaka huu atayafuata nalo.