Nyota Isiyo na Jina

Nyota ya Burma, medali waliyopewa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopigana kule katika Vita vya Pili vya Dunia, haikuchongwa jina la mtu. Uingereza iliitoa hivyo hivyo, tupu, ikawaachia wenyewe na jamaa zao kukumbuka ni ya nani. Huku pwani ya kusini ya Kenya, Msambweni, Gazi na Diani, nimeona wanawake ndio wanaoibeba kazi hiyo. Ni ufundi, tena ufundi mkubwa.

Pwani yetu haina huruma na kumbukumbu. Chumvi ya hewani huotesha shaba kutu ya kijani, unyevu wa masika huozesha utepe, na mchwa hachagui cheti cha jeshi. Mtazame bibi mmoja wa Msambweni akiitunza nyota ya marehemu baba yake. Haisugui kwa majivu na ndimu, ingawa ingeng'aa, maana kila msuguo huondoka na shaba kidogo. Anaipangusa kwa kitambaa kikavu, anaunyoosha ule utepe mwekundu wenye kingo za buluu, anaifunga ndani ya marekani iliyofuliwa mpaka ikaisha wanga. Cheti amekilaza bapa. Hakukubali kitiwe plastiki ya moto. Mwisho kuna kikaratasi, kimeandikwa kwa penseli kwa kuwa wino huchuruzika: jina la baba, la babu, kijiji, na mwaka aliovuka Likoni kwenda kupanda meli.

Kikaratasi hicho ndicho ninachokisifu zaidi. Si wote waliorudi na medali, na wengine hawakurudi kabisa. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives, pamoja na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Na wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, wa Vita vya Kwanza vya 1914 hadi 1918 je? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Dola yenye makarani na daftari ilishindwa na kazi ambayo bibi huyu anaiweza kwa penseli.

Siku ya hitima bibi hukitoa kikaratasi chake, mwalimu akalisoma jina kwa sauti. Mjukuu wake wa sekondari sasa anawaandikia majirani vikaratasi vyao, na ameongeza mstari mmoja chini: nani aliyesimulia.