Shukrani kwa Ukurasa wa Mashairi
Katika fadhila za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, iliyo adhimu kwangu ni ukurasa wa mashairi, ambamo karani wa bomani au mwalimu wa shamba, asiyejulikana nje ya mtaa wake, aliweza kumwomba mhariri nafasi katika ubeti wa kwanza, akatoa swali lake, kisha akangoja majibu ya malenga wa miji ya mbali. Jibu lilikuja kwa bahari ile ile, likimtaja kwa lakabu yake, likimsifu au kumsahihisha kwa adabu. Na kusahihishwa hadharani na mjuzi, naamini, ni heshima ipitayo sifa. Shaaban Robert mwenyewe aliandika humo. Hongera, basi, kwa wahariri waliowafungulia wanagenzi mlango ule ule wa mabingwa.